Kabla ya Kulipia Waifai ya Nyumbani, Soma Kwanza Taarifa Yako ya Miamala

Ukitaka kuzua mjadala kwenye matatu au kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti, uliza swali moja tu: waifai ya kampuni gani ndiyo nzuri? Mmoja atakuapia kwamba ni Zuku. Mwingine atasema Safaricom na habanduki hapo. Wa tatu atawacheka wote wawili na kutaja Faiba. Na hatakosekana mtu wa Starlink, hata kama anakaa ghorofa ya chini, nyumba imezibwa na majengo pande zote na mbingu anaziona tu akitoka kwenda dukani. Wote hao wanaweza kuwa wanasema ukweli, kwa sababu kila mmoja anaongea kuhusu nyumba yake, ukuta wake na jirani zake.

Maoni yangu ni kwamba tunaanza kulinganisha mahali pasipofaa. Tunaanza na Mbps na bei iliyoandikwa kwenye bango, halafu mambo ambayo yangetangulia ndiyo tunayagundua tukiwa tumeshalipa: pesa zetu huingia namna gani, tutakaa hiyo nyumba kwa muda gani, na siku intaneti ikipotea nani atashika simu. Mtu analipia kifurushi cha mwezi, siku ya 31 inamkuta mfuko mtupu, rauta inawaka taa nyekundu juu ya kabati na yeye anarudi kununua bando ya bob ishirini. Hapo analipa mara mbili kwa kitu kimoja.

Sasa hebu tuanze na simu yako.

Unatumia ngapi tayari?

Karibu kila mtu hukosea akiulizwa anatumia pesa ngapi kwa intaneti kwa mwezi. Si kwamba anadanganya. Ni kwamba bando hununuliwa kadogo kadogo, bob ishirini asubuhi, hamsini jioni, na pesa ndogo haiachi kumbukumbu kichwani. Lakini kwenye taarifa ya miamala imeachwa yote. Itoe ya miezi mitatu, si mmoja, kwa sababu mwezi wa shule kufunga na mwezi wa shule kufunguliwa haifanani. Jumlisha kila bando ya data na kila kredi uliyonunua kwa ajili ya data. Kisha mwambie mwenzako ndani ya nyumba afanye hivyo hivyo.

Chukua mtu anayetumia KSh 55 kwa siku. Kwa siku 30 hiyo ni KSh 1,650. Wakiwa wawili wanafika KSh 3,300, na bado hatujahesabu siku kijana alipoomba simu ya mama afanye kazi ya shule na akamaliza bando yote kwa video. Watu hawa wawili wanaamini kwamba waifai ya nyumbani ni ya matajiri, kumbe tayari wanalipa bei yake, ila kwa vipande. Kwao swali la kama wanaweza kuimudu limeshajibiwa na taarifa zao wenyewe.

Lakini wapo ambao jumla yao itafika mia saba au mia nane. Wanatoka nyumbani alfajiri, wanarudi saa tatu usiku, wanasoma ujumbe, wanatazama habari kidogo na kulala. Kwa mtu huyo, maoni yangu ni wazi: usinunue waifai ya nyumbani. Najua si kawaida kampuni ya malipo kumwambia mteja asilipe kitu, lakini ndivyo hesabu inavyosema. Uchumi wa kadogo hudharauliwa sana na watu wenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi. Anayepata pesa yake kila siku, mwenye boda au mama wa mboga, ananunua intaneti kwa mpigo ule ule pesa inaoingilia, na siku biashara ikilala hana deni la mtu.

Shida ni yule wa katikati. Anatumia pesa za kutosha kulipia kifurushi cha mwezi, ila pesa zenyewe zinaingia kwa siku. Kwake, kampuni inayokubali malipo ya vipande kwenye akaunti, au inayouza kwa wiki, inaweza kuwa bora kuliko ile yenye spidi kubwa inayotaka elfu tatu zote kwa pamoja. Hili ni swali la kuuliza kabla ya spidi: nikiweka mia tano leo na mia tano kesho kutwa kwenye akaunti yangu, zitakaa hapo zikinisubiri? Kampuni nyingine zitakaa nazo mpaka zitimie. Nyingine hutaka kiasi kamili. Na kama haikubali, weka wewe mwenyewe: fungua akiba pembeni kwenye simu, tupa humo bob mia kila siku. Ukifika mwisho wa mwezi una KSh 3,000. Usikubali kulipia waifai kwa Fuliza. Kwa kiasi kama hicho ada inahesabiwa kila siku mpaka umalize deni, na kifurushi cha KSh 2,999 kinaanza kuwa cha bei nyingine kabisa.

Nani anafika mlangoni pako?

Hapa sitakaa sana, maana jibu haliko kwenye makala bali kwenye ngazi za jengo lako. Orodha ya kampuni nchini ni ndefu: Safaricom, Zuku, Faiba ya Jamii Telecommunications, Liquid, Airtel na wengine. Poa imejikita zaidi kwenye mitaa yenye watu wengi kama Kibera na Kawangware, kwa bei ya chini na spidi ya kiasi. Mawingu inapeleka intaneti miji midogo na mashambani. Starlink, iliyoanza kuuza huduma Kenya Julai 2023, inafika popote penye anga wazi.

Lakini orodha ndefu haimaanishi kwamba wewe una uchaguzi mrefu. Kwenye jengo moja la ghorofa utakuta waya wa kampuni mbili, jirani yake waya wa moja tu, na hiyo moja ndiyo mwenye nyumba alikubaliana nayo. Nadhani hili ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa kodi ya kwanza, kama unavyouliza kuhusu maji. Unauliza maji yanakuja siku ngapi kwa wiki, stima ni tokeni au la. Ongeza: waya wa nani umefika humu, na mwenye nyumba anakubali mwingine aingie?

Halafu bisha mlango wa jirani. Usimuulize kama mtandao ni mzuri, kwa sababu atasema ni mzuri au ni mbaya kulingana na alivyoamka. Muulize mambo mawili: saa mbili usiku unakuwaje, na mara ya mwisho ulipokatika ulikaa muda gani kabla ya kurudi. Saa mbili usiku ndipo kila nyumba inawasha runinga, na kampuni iliyojaza wateja wengi kwenye laini moja hujulikana saa hiyo. Saa nne asubuhi kila mtandao ni mzuri.

Mbps si kila kitu

Mbps inahesabu biti, na simu yako inahesabu ukubwa wa faili kwa baiti. Biti nane ndiyo baiti moja. Kwa hiyo 10 Mbps, hata ikifika yote, inashusha kama megabaiti 1.25 kwa sekunde. Video ya megabaiti 100 itachukua kama dakika moja na sekunde ishirini. Watu wengi huona hivyo wakadhani wameibiwa, kumbe hesabu ndiyo hiyo.

Unahitaji ngapi basi? Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa filamu ya ubora wa juu wa kawaida na Mbps 15 kwa ile ya 4K. Mkutano wa video wa Zoom hutaka chini ya Mbps 5. Nyumba ya watu wanne, runinga moja inaonyesha filamu, mtu mmoja yuko kwenye mkutano na watoto wawili wako TikTok, itaishi vizuri na 15 Mbps ikiwa hizo 15 zinafika kweli. Anayekuuzia 80 au 100 kwa nyumba hiyo anakuuzia chumba cha wageni ambao hawaji. Isipokuwa una kazi ya kupakia video kubwa, au unaendesha saiba, au nyumba ina vijana watano na kila mmoja na skrini yake.

Kwa wanaofanya kazi ya mtandaoni kuna kitu ambacho mabango hayataji: spidi ya kupandisha. Mabango huandika spidi ya kushusha, ile ya kutazama. Ukirekodi somo, ukituma picha za wateja, au ukifundisha kwa video, unategemea ile ya kupandisha, na kwenye huduma zisizotumia waya mara nyingi ni ndogo zaidi. Uliza zote mbili, na uandikiwe.

Na kabla ya kupandisha kifurushi kwa sababu chumba cha kulala hakina mtandao, hebu sogeza rauta. Nyumba zetu nyingi ni za mawe. Mawimbi ya 5 GHz ni ya kasi lakini hayapendi ukuta wa mawe, ya 2.4 GHz ni ya polepole lakini yanapenya. Rauta nyingi zina zote mbili na majina mawili tofauti. Fundi huifunga mahali palipo karibu na waya, si mahali panapokufaa wewe, kwa hiyo mwambie mapema unataka iwe katikati ya nyumba, juu, si nyuma ya friji. Mita kumi za waya zaidi ni bei ndogo kuliko kulipa elfu moja zaidi kila mwezi kwa spidi inayogonga ukuta ule ule.

Bei ya bango na bei yenyewe

Hapa ndipo pesa inapotea, na hapa ndipo ningependa tukae.

Kwanza, watu wengi tunapanga. Tunahama. Kwa hiyo bei ya kifurushi haiwezi kutenganishwa na muda utakaokaa. Tuseme kampuni moja inakuambia KSh 2,000 kwa mwezi, lakini rauta na ufungaji ni KSh 5,000. Nyingine inataka KSh 2,400 kwa mwezi na inafunga bure. Kwenye bango ya kwanza ndiyo nafuu. Ukikaa mwaka mzima, ya kwanza itakugharimu KSh 29,000 na ya pili KSh 28,800, yaani ni sawasawa. Lakini ukihama baada ya miezi mitano, ya kwanza imekula KSh 15,000 na ya pili KSh 12,000. Elfu tatu hiyo ni ya kukodi pikapiki ya kuhamisha vitu. Kwa hiyo mpangaji ambaye hajui mwaka ujao atakuwa wapi achague kampuni yenye gharama ndogo ya kuanza, hata kama mwezi ni ghali kidogo. Mwenye nyumba yake afanye kinyume. Na wote wawili waulize: nikihama, mnanihamishia bure, au naanza upya? Rauta ni yangu au ni yenu?

Pili, linganisha aina kwa aina. Mwaka 2024 Starlink ilitoa Kenya kifurushi cha GB 50 kwa KSh 1,300 kwa mwezi, na ikaruhusu mtu kukodi vifaa kwa KSh 1,950 kwa mwezi badala ya kuvinunua. Watu wengi walisikia ile 1,300 tu. Jumlisha: 1,300 na 1,950 ni KSh 3,250. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Safaricom ilipandisha spidi za faiba yake bila kugusa bei, kifurushi cha KSh 2,999 kikatoka 10 Mbps hadi 15, cha KSh 4,100 kikatoka 20 hadi 30. Kwa hiyo mtu wa Nairobi mwenye waya mlangoni aliyekodi vifaa vya setilaiti alikuwa akilipa zaidi kwa GB 50, ambazo kwa filamu ya ubora wa juu, inayoweza kula GB 3 kwa saa, ni kama saa 16 hivi. Wikendi mbili na zimeisha. Bei hizi zinabadilika kila mara, kwa hiyo usizichukue kama za leo. Chukua namna ya kujumlisha.

Na bado kuna stima. Hili sioni likitajwa kabisa. Rauta ya faiba inakula kama wati 10. Ikiwaka usiku na mchana mwezi mzima ni kama uniti 7. Sahani ya kawaida ya Starlink inaweza kula wati 75 au zaidi. Wati 75 kwa saa 24 ni uniti 1.8 kwa siku, uniti 54 kwa mwezi. Kama tokeni zako zinakujia kama KSh 25 kwa uniti, hiyo ni KSh 1,350 zaidi, juu ya kifurushi. Tena kwa nyumba ndogo kuna mtego mwingine: tangu Aprili 2023 bei ya chini ya stima ya nyumbani ni kwa wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. Sahani peke yake inakuvusha huko, na uniti zako zote zinahesabiwa kwa bei ya juu. Unaweza kuizima usiku mkilala, na ile ndogo ya Mini inakula kidogo zaidi. Lakini lazima ujue kabla, si mwezi wa pili unaposhangaa tokeni zinaenda wapi.

Sisemi haya kuipiga vita Starlink. Kwa mtu aliye na shamba Kitui au shule huko Turkana, ambako hakuna waya wala hautarajiwi karibuni, hesabu inageuka kabisa. Hapo huilinganishi na faiba ya KSh 2,999 bali na kukosa kabisa, au na safari ya boda hadi sokoni kutafuta mtandao. Ila mtu wa mjini asidhani setilaiti ni ya peke yake. Mwishoni mwa 2024 Starlink ilisitisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Anga pia inagawanywa, kama waya wa ploti.

Tatu, neno "bila kikomo". Soma maandishi madogo. Kampuni nyingi zina kiwango cha matumizi, na ukikivuka spidi inashushwa mpaka mwezi uishe. Hujakatiwa, kwa hiyo hawajavunja ahadi, lakini filamu sasa inazunguka. Je, utafika huko? Runinga inayoonyesha filamu za ubora wa juu saa nne kila siku inaweza kula GB 360 kwa mwezi. Kama kiwango ni GB 500, mko salama mkiwa na runinga moja. Mkiwa na mbili, hampo. Uliza kiwango ni kipi na baada yake spidi inashuka hadi ngapi. Akikuambia "hiyo usijali", jali.

Siku mtandao ukipotea

Utapotea tu, hata ulipe ngapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Afrika Mashariki yote. Siku kama hiyo kumpigia kelele msichana wa huduma kwa wateja hakusaidii. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Faiba yako inaweza kuwa nzima kabisa chini ya barabara, lakini rauta bila stima ni sanduku la plastiki. Kama kazi yako inategemea mtandao, kabetri kadogo ka rauta kanaweza kukuvusha saa kadhaa stima ikipotea, na kwa maoni yangu kana faida kuliko kupanda kifurushi kimoja juu. Na acha mia mbili pembeni kwa bando ya simu, ya siku mbaya.

Kukatika ninakozungumzia hasa ni kule kwa kawaida: lori limevuta waya, mtu amechimba mtaro, fundi wa kampuni nyingine amechomoa ya kwako akiweka ya jirani. Hapo tofauti ya kampuni na kampuni ni watu, wala si teknolojia. Kampuni ile ile inaweza kuwa na timu nzuri Mombasa na timu iliyolemewa Nakuru. Ndiyo maana nakuambia umuulize jirani, si mtandao.

Njia moja ya kupima ni hii: kabla hujalipa, piga simu huduma kwa wateja Jumapili jioni, si ile laini ya mauzo. Laini ya mauzo hushikwa haraka kila mahali. Jifanye una tatizo la malipo na uhesabu dakika. Ukisubiri nusu saa leo ukiwa hujawa mteja, utasubiri zaidi ukiwa mteja. Uliza pia kama mtandao ukipotea siku tatu wanakuongezea siku hizo tatu. Wengine huongeza ukiomba. Usipoomba hakuna anayekukumbuka. Weka kumbukumbu: tarehe, saa, namba ya lalamiko waliyokupa. Ukizungushwa bila jibu, Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA, hupokea malalamiko ya wateja, lakini watataka kuona kwamba ulianza na kampuni yenyewe, na hiyo namba ya lalamiko ndiyo ushahidi wako.

Kulipa bila kupoteza

Kuna jambo linaloniudhi kuliko yote, na ndilo lililonifanya niandike. Mtu amefanya utafiti wake vizuri, amelinganisha, amechagua, halafu anatuma pesa za ufungaji kwa namba binafsi ya kijana aliyevaa tisheti ya kampuni. "Nitumie hapa ni haraka, nitakulipia mimi kwa ofisi." Wengine ni mawakala wa kweli na kazi inafanyika. Wengine tisheti wameinunua mtumba. Huwezi kuwatofautisha kwa sura, na si kazi yako kuwatofautisha. Kampuni ya intaneti iliyosajiliwa ina Paybill au Till. Jina litakalotokea kwenye simu kabla muamala haujakamilika liwe la kampuni, si la mtu. Likitokea jina la mtu, bonyeza kughairi, hata kama amesimama mbele yako na ngazi begani. Fundi wa kweli haondoki kwa sababu umelipa ofisini.

Na fundi akija, hana haja ya PIN yako, wala simu yako mkononi mwake, wala ile namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe. Anahitaji mlango, soketi na mahali pa kutoboa. Basi.

Kwenye Paybill angalia namba ya akaunti mara mbili. Jina la kampuni likiwa sawa bado unaweza kumlipia jirani yako mwezi mzima kwa tarakimu moja. Pesa haijapotea, iko kwenye akaunti ya mtu mwingine, na kuirudisha kunahitaji kampuni ikubali. Piga simu papo hapo ukiwa na ujumbe wa muamala, kabla mwenye akaunti hiyo hajaanza kuitumia. Ni afadhali uhifadhi namba ya akaunti kwenye simu tangu siku ya kwanza na kuinakili kila mwezi badala ya kuiandika kwa kumbukumbu.

Ukilipa siku tatu kabla ya kuisha, siku hizo tatu zinaongezwa mbele au zinamezwa? Kampuni hazifanani kwa hili. Ikiwa zinamezwa, kulipa mapema kila mwezi kunakupotezea siku 36 kwa mwaka, zaidi ya mwezi mmoja uliolipia bure. Jaribu mara moja: lipa mapema siku moja, soma tarehe mpya ya kuisha kwenye ujumbe wao, uhesabu.

Mwishowe kuna ile waifai ya ploti, ambapo jirani mmoja amelipia kifurushi na anagawia wengine kwa bob mia tano mia tano. Naelewa kwa nini ipo, na kwa nyumba nyingi ndiyo intaneti pekee wanayoweza. Lakini masharti ya kampuni nyingi yanakataza kuuza tena kifurushi cha nyumbani, na akifungiwa mnafungiwa wote, na lalamiko lako haliendi popote kwa sababu wewe si mteja wa mtu. Ukiwa huko, lipa kwa wiki, si kwa mwezi, na umlipe kwa simu badala ya pesa taslimu, ili angalau ujumbe ubaki unaoonyesha tarehe na kiasi.